Q Mpya, Moneypenny Mpya: Kwa Nini Sura Ngeni Inatukera?

Hebu jiulize swali dogo. Kwenye muvi za James Bond, nani akibadilishwa anakuuma zaidi: stelingi mwenyewe, au yule mzee wa vifaa anayeonekana dakika chache tu? Wengi watajibu haraka: stelingi. Lakini kaa na mashabiki wa siku nyingi uwasikilize wakibishana. Bond mwenyewe wameshampokea kwa sura sita, kuanzia Sean Connery hadi Daniel Craig. Wananung'unika, halafu wanazoea. Ila ukimgusa Q, au Moneypenny, au M, ubishi unakuwa wa aina nyingine kabisa, kama vile mtu ameamka asubuhi akakuta amebadilishiwa shangazi.

Ni rahisi kuwacheka. Mimi naona wana hoja, ingawa mara nyingi wanaieleza vibaya. Na wakati huu hoja yao ina uzito kuliko siku zote, kwa sababu filamu inayofuata inaweza kufanya jambo ambalo mfululizo huu haujawahi kulifanya.

Kwanza tuwekane sawa, kwa wale ambao hawajazifuatilia. M ni bosi wa majasusi. Moneypenny ni sekretari wa M. Q ndiye fundi mkuu anayempa Bond saa zenye mitego na magari yenye silaha. Bernard Lee alikuwa M katika filamu 11, kuanzia 1962 hadi 1979. Lois Maxwell alikuwa Moneypenny katika filamu 14, kuanzia 1962 hadi 1985. Desmond Llewelyn alikuwa Q katika filamu 17, kuanzia 1963 hadi 1999. Hesabu mwenyewe: Roger Moore, Bond aliyecheza filamu nyingi kuliko wote katika mfululizo mkuu, ana 7 tu.

Sasa angalia kila mara stelingi alipobadilishwa. Mwaka 1969 alikuja George Lazenby, na M, Q na Moneypenny wote walikuwa walewale. Mwaka 1973 alikuja Roger Moore. Q hakuwemo, lakini M na Moneypenny walikuwepo. Mwaka 1987 alikuja Timothy Dalton pamoja na Moneypenny mpya, Caroline Bliss, ila Llewelyn alikuwepo, na Robert Brown, aliyekuwa M tangu 1983, naye alikuwepo. Mwaka 1995 alikuja Pierce Brosnan. M alikuwa mpya, Moneypenny alikuwa mpya, akabaki Llewelyn peke yake. Mwaka 2006 alikuja Daniel Craig. Q hayupo, Moneypenny hayupo, akabaki M, yaani Judi Dench.

Umeona? Kila mara alibaki angalau mmoja. Ni kama mafiga jikoni: chungu unaweza kukibadilisha, kwa sababu kuna mawe yanayokishika. Waigizaji wasaidizi ndio mafiga ya muvi hizi.

Mfano wa Judi Dench ndio unaonifurahisha zaidi, kwa sababu kimantiki hauingii akilini. Filamu ya 2006, Casino Royale, inaanza hadithi upya. Bond ndiyo kwanza anapandishwa cheo kuwa 007. Sasa bosi wake anakuwaje na sura ileile ya bosi wa Brosnan, ambaye alikuwa 007 mzoefu? Ukifuata hesabu, haiwezekani. Lakini ukikaa kuitazama, hata huwazi. Sura ya Dench inakwambia "uko nyumbani", na ubongo unaikubali kabla mantiki haijafungua mdomo.

Hapa sayansi ina la kusema. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa maneno yasiyo na maana, alama zinazofanana na maandishi ya Kichina, na picha za sura za watu wasiowajua. Vingine walivionyeshwa mara moja au mbili, vingine hadi mara 25. Vile walivyoviona mara nyingi ndivyo walivyovipenda zaidi, bila kupewa sababu yoyote ya kuvipenda. Kuona tu kunatosha. Sasa fikiria mtu aliyemwona Llewelyn katika filamu baada ya filamu, kwa zaidi ya miaka 30.

Jaribio la pili ni la 2011, la Rob Jenkins na wenzake. Waliwapa watu wa Uingereza picha 40 na kuwaambia wazipange marundo, kila mtu kwa rundo lake. Picha zote zilikuwa za watu wawili tu, watu maarufu wa Uholanzi, 20 kwa 20. Waingereza hawakuwajua, na kwa wastani walitoa marundo kati ya saba na manane. Waholanzi, waliowajua, walipanga marundo mawili karibu bila kosa. Maana yake ni kwamba kuijua sura ni zaidi ya kuikariri picha moja. Ni kujifunza namna sura hiyo inavyobadilika: ikicheka, ikikasirika, ikiwa gizani, ikizeeka. Kazi hiyo inachukua muda. Ukibadilisha mwigizaji, unamfuta mtazamaji somo alilolisoma kwa miaka.

Na kuna la tatu. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu ukaribu wa upande mmoja kati ya watazamaji na watu wa kwenye skrini. Wewe unamjua, yeye hakujui, lakini moyo wako hautofautishi sana. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba ukaribu huo ukiwa mkubwa, mhusika akiondoka maumivu nayo yanakuwa makubwa. Kwa hiyo shabiki anayesema "huyu siye Q" anaomboleza kidogo, na hilo si tusi kwake.

Kama bado unadhani ni mambo ya Wazungu na runinga zao, rudi huku kwetu. Kuanzia Jorodom na Katesh, chini ya Mlima Hanang, hadi Mbulu mjini, wengi muvi za nje tulizijulia kwenye vibanda umiza, zikiwa zimetiwa Kiswahili na DJ. Tanzania tuna kina Lufufu na DJ Mack, Kenya wana DJ Afro, Uganda wanawaita VJ. Kwenye muvi hizo mtu mmoja ndiye stelingi, ndiye adui, ndiye mama mwenye nyumba. Sasa mwekee mtu muvi aliyoizoea kwa sauti ya Lufufu, halafu iwe imetiwa maneno na DJ mwingine. Waigizaji ni walewale, picha ni ileile, lakini atakwambia, "Aah, hii siyo." Hapo hakuna sura hata moja iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni figa. Kwa mtazamaji wa kibanda, kinachojirudia, kinachomwambia yuko nyumbani, ni sauti ya DJ. Ndiyo maana nasema ugomvi huu chanzo chake si uaminifu kwa hadithi, ni kuondolewa kwa kile kinachojirudia.

Linganisha na riwaya zetu za ujasusi. Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, naye ana bosi wake, Chifu, na sekretari wa bosi, Maselina. Kila msomaji ana Maselina wake kichwani. Siku akitafutwa mwigizaji wa kumcheza, atakayepatikana atakuwa mgeni kwa kila mmoja wetu, hata akiigiza vizuri namna gani.

Basi filamu ifanyeje? Njia mbovu ni kujifanya hakuna kilichotokea. Ndiyo aliyofanyiwa Caroline Bliss mwaka 1987 na 1989: jina la Moneypenny, dakika chache, kazi kwisha. Kosa halikuwa lake. Alipewa mzigo wa jina bila kupewa muda wa kufahamika.

Njia bora ziko kwenye Skyfall ya 2012, ambayo ilibadilisha mafiga yote matatu ndani ya filamu moja. Mwangalie Naomie Harris. Anaanza kama jasusi wa uwanjani anayeitwa Eve, anampiga Bond risasi kwa bahati mbaya huko Uturuki, tunakutana naye tena Macau, tunamwona ofisini. Jina la Moneypenny linatajwa mwishoni kabisa. Yaani tumeshamwona katika mwanga tofauti na hali tofauti, somo limeshaingia, ndipo tunaambiwa ni nani. Ralph Fiennes naye vivyo hivyo: anaanza kama mkubwa wa serikali tusiyemwamini, anamaliza akiwa M. Ben Whishaw analetwa moja kwa moja kama Q, lakini filamu inamwachia Bond mwenyewe alalamikie ujana wake, hivyo lalamiko la shabiki linasikika humohumo ndani na kujibiwa. Na wakati yote haya yanafanyika, Craig yupo. Mafiga yanabadilishwa, chungu kimeshikwa mkononi.

Ila tusiitumie sayansi ya mazoea kama kichaka cha kujifichia. Kipimo ni Felix Leiter, rafiki wa Bond kutoka CIA. Kati ya 1962 na 1989 mfululizo mkuu ulimpa waigizaji sita tofauti, wote Wazungu, na ni David Hedison pekee aliyerudi mara ya pili. Hapakuwa na sura ya kuzoea. Mwaka 2006 akaja Jeffrey Wright, Mmarekani mweusi, akawa wa kwanza kuicheza nafasi hiyo mara tatu. Sasa mtu aliyezipokea sura sita bila neno, akakwama kwenye ya saba, asituambie habari za mazoea. Hakuwa na Leiter wa kumzoea. Kilichomkwamisha ni rangi, na hilo lina jina lake. Kwa Moneypenny wa Naomie Harris mlalamikaji anaweza kusingizia miaka ya Lois Maxwell. Kwa Leiter hana pa kusingizia.

Sasa tuje kwenye filamu ijayo. No Time to Die ya 2021 ilimuua Bond, na Craig ameondoka. Februari 2025 ilitangazwa kwamba Amazon MGM ndiyo itakayoshika usukani wa ubunifu, na Juni mwaka huohuo Denis Villeneuve akatangazwa kuwa mwongozaji. Kila mtu anauliza: Bond atakuwa nani? Mimi nadhani swali zito zaidi ni hili: Whishaw, Harris au Fiennes, kuna atakayebaki?

Wakiondolewa wote, itakuwa mara ya kwanza chungu na mafiga kubadilishwa kwa pamoja. Inawezekana ikafaa. Villeneuve anaweza kuamua kujenga jiko jipya kabisa, na watu wakala. Lakini ajue anachokipoteza, na awape wale wapya muda wa kufahamika kabla ya kuwabebesha majina makubwa. Ningekuwa na kura, ningemwacha Whishaw. Mantiki ya hadithi itapinga, maana Bond wake amekufa na dunia imeanza upya. Mantiki ilipinga 2006 pia, na Judi Dench akakaa pale kitini, nasi tukatulia.

Wewe je, ukiambiwa ubakize mmoja tu, unambakiza nani? Ukishajibu, jiulize kama unamtetea mhusika au unaitetea sura uliyoizoea.