Dizzee Rascal na Mizani ya Wahakiki: Upokezi wa Tongue n' Cheek

Albamu ya nne ya mfokaji Mwingereza Dizzee Rascal, Tongue n' Cheek, ilipotoka Septemba 2009, nyimbo zake tatu zilikuwa zimekwisha kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza: 'Dance wiv Me' (2008), 'Bonkers' na 'Holiday' (2009). Wapo wahakiki walioipokea kwa bashasha. Wapo pia walioisikiliza kama watu walio matangani, wakidai kwamba kijana wa Bow, mashariki mwa London, ameutupa mtindo wa graimu na kuiuza sanaa yake kwa kumbi za densi. Makala haya yanashughulikia dai hili la pili, kwani ndilo lililobeba nadharia, hata kama wenye kulitoa hawakuitaja.

Kipimo chao kilikuwa albamu ya kwanza, Boy in da Corner, iliyotunukiwa Tuzo ya Mercury mwaka 2003, msanii akiwa na umri wa miaka 18. Katika kazi hiyo mapigo ni machache, makavu, yenye kukatikakatika. Sauti ni ya juu na ya kasi, karibu ya kilio. Na nafsineni ni kijana aliyebanwa pembeni na mtaa wake. Ni kazi kubwa, na hatukusudii kuipunguzia hadhi. Tatizo ni kwamba sifa ilizopewa ziligeuka sharti. Yamkini mhakiki aliyefurahia kuchungulia dhiki ya nyumba za halmashauri alitaka msanii abakie humo humo, na uhalisi ukawa jina jingine la ufukara. (Sisi wa Kiswahili tunaujua mtego huu: ni riwaya ngapi zimehukumiwa kwa kuitwa tu fasihi pendwa?)

Dai lenyewe halipatani na historia ya uchapishaji. Boy in da Corner ilitolewa na XL Recordings. Tongue n' Cheek ilitolewa na Dirtee Stank, kampuni ya msanii mwenyewe. Anayesemekana kuuzwa ndiye aliyekuwa, safari hii, mwenye duka.

Wala dai hilo halitokani na usomaji wa matini. Tuchukue 'Dirtee Cash'. Kiitikio chake kimeazimwa katika wimbo wa densi wa zamani, na mahadhi yake yanamwita msikilizaji ainuke. Lakini beti zinazungumzia jamii inayotumia isichokuwa nacho, inayokopa ili ionekane, katika nchi ambayo benki zake zilikuwa zimetikisika mwaka uliotangulia. Kinaya kimo katika fani yenyewe: mchezaji anacheza juu ya deni lake. Kuuondoa mdundo kwa hoja kwamba ni wa kibiashara ni kuyaondoa maudhui pia. 'Bonkers', aliyoitunga pamoja na Armand Van Helden, ina maneno machache zaidi. Hata hivyo sauti ile kali ya 2003 imo, na nafsineni bado anauliza ni nani mwenye haki ya kumwita mtu mwendawazimu.

Si kwamba albamu haina dosari. 'Freaky Freaky' ni orodha ya wanawake wasio na sura wala kauli, na ucheshi wake hauisitiri. Kosa hilo lina uzito kuliko kosa la kuchezeka. Vivyo hivyo The Fifth (2013), yenye wageni kama Robbie Williams, ni dhaifu, ila udhaifu wake si umaarufu uliotafutwa. Ni kwamba katika nyimbo zake kadhaa sauti ya Dizzee ingeweza kubadilishwa na ya mfokaji mwingine, na wimbo usipungukiwe. Katika Tongue n' Cheek hilo haliwezekani.

Raskit (2017) ilipousogelea tena mtindo wa graimu, wapo walioiita marejeo nyumbani. Lakini katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya 2012, uliofanyika Stratford, jirani kabisa na Bow, wimbo aliouimba Dizzee mbele ya ulimwengu ulikuwa 'Bonkers'.