Sentensi Niliyoichukua Amani

Makala za matembezi ya msituni zimekuwa nyingi, nami nimeandika mojawapo. Zinafanana. Mwandishi anafika amechoshwa na jiji, anamfuata mwongoza watalii kwenye njia yenye utelezi, anaonyeshwa kinyonga, anakaa kimya, anarudi nyumbani mtu mwingine. Mwongoza watalii hupewa mistari miwili: anatabasamu, kisha anafyeka njia kwa panga.

Yangu ilihusu Amani, Usambara Mashariki, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Niliuita msitu ule "usioguswa na mkono wa mtu". Nikiisoma leo naona haya. Matembezi yenyewe yalianzia Sigi, ilipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani. Hao hao walifungua Amani kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda miti ya kigeni kutoka pembe nyingi za dunia. Na kule Derema, wakulima wa iliki walitolewa kwenye mashamba yao ili vipande vya msitu viungane. Mkono wa mtu uko kila mahali.

Aliyenitembeza alilijua hilo. Alisimama chini ya Maesopsis eminii, mti ulioletwa Amani kisha ukaenea hadi kuisonga miti ya asili, akasema: "Sisi tulileta mche, hondohondo akamaliza kazi." Ndege huyo hula matunda yake na kusambaza mbegu. Ndani ya maneno sita mlikuwa na historia, ikolojia na lawama, tena lawama ya "sisi", si ya "wao". Wasomaji waliisifu sentensi hiyo kuliko nyingine zote. Hawakujua kwamba si yangu. Niliiandika bila alama za kunukuu, kama wazo lililonijia njiani.

Utalii unaojali mazingira una kanuni yake: usiache ila nyayo, usichukue ila picha. Tuliitii. Hakuna aliyechuma hata jani la Saintpaulia, ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1893 lilipewa jina la Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya. Kama kuna mwenyeji aliyemwonyesha, jina lake halikulifuata ua. Kisa hicho nilikisimulia kwa kejeli, huku nami nikifanya vilevile.

Kasoro ya makala zetu, basi, si lugha. Ni kwamba mjuzi wa msitu tunamgeuza mshika panga. Matembezi ni utunzi wake: ndiye anayechagua pa kusimama, cha kutanguliza na cha kunyamazia. Tumsome kama msimulizi, hata pale tusipokubaliana naye.

Jina lake sijaliweka hapa kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Sentensi yake nairudisha, pamoja na alama zake za kunukuu.