Kundi Lisilopewa Maji ya Haraka

Mtoto akiingia katika mshtuko wa sepsisi, mishipa hulegea, mikono na miguu hupoa, na damu hufika kwa shida kwenye viungo. Kwa miaka mingi miongozo iliagiza jambo moja: dripu, tena haraka, mishipa ijae. Jaribio la FEAST liliipima amri hiyo katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Uzito wote wa jaribio hili, lililoongozwa na Kathryn Maitland, uko kwenye kundi la tatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya chumvi, la pili albumini (maji yenye protini ya damu), kati ya mililita 20 na 40 kwa kila kilo ya mtoto. La tatu halikupewa maji ya haraka. Lilipata dripu ya taratibu, dawa na damu kama mengine. Wapo walioona huko ni kuwanyima watoto haki yao. Lakini bila kundi hilo tungebaki kulinganisha maji na maji.

Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Kati ya watoto 3,141 waliopangwa kwa kura, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasiopewa.

Wengi walidhani maji yamejaa mapafuni au ubongo umevimba. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba ziada ya vifo ilitokana hasa na kuanguka kwa mzunguko wa damu, ule ule uliokusudiwa kuokolewa. Na baada ya saa moja, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi katika makundi ya maji! Daktari aliyesimama kando ya kitanda hakuwa na sababu ya kushuku.

Kwa nini? Jibu la sehemu lilitoka kwa kondoo nchini Australia, mwaka 2018. Kondoo 16 walitiwa endotoksini, sumu itokayo kwenye bakteria. Nusu wakapewa mililita 40 za maji ya chumvi kwa kilo. Katika saa 12 zilizofuata, hao ndio waliohitaji noradrenalini nyingi zaidi ili presha ishikiliwe pale pale. Damu yao ilikuwa na homoni zaidi inayotolewa na moyo ukitanuka, pamoja na mabaki ya utando laini unaofunika ukuta wa ndani wa mishipa. Utando huo ukichubuka, mshipa huvuja.

Endotoksini si bakteria hai, na kondoo hana malaria wala upungufu wa damu, walivyokuwa navyo wengi wa watoto wa FEAST. Kwa hiyo naliona jaribio la Australia kuwa maelezo yanayowezekana, si hukumu. Waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuingizwa kwenye FEAST, na matokeo yake hayawahusu.