Nani Mwenye Kutaja Wazimu? Maoni juu ya Kijitabu cha J. C. Carothers

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha mjini Nairobi kijitabu kiitwacho The Psychology of Mau Mau. Mwandishi wake, daktari Carothers, alikuwa amesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kwa zaidi ya miaka kumi. Makala haya hayakusudii kupima utabibu wake. Yanachunguza lugha yake.

Wakikuyu walidai ardhi yao. Carothers hakuyapuuza malalamiko yote, lakini mzizi wa vita aliutafuta hasa katika nafsi ya Mkikuyu: mtu aliyepotewa na mila zake kabla hajapata nyingine za kumtegemeza, mwenye hofu na tuhuma. Hapo ndipo dai linapogeuka kuwa dalili. Mwenye dai hujibiwa. Mwenye dalili hutibiwa, wala haulizwi. Na dawa mojawapo aliyoisifu, yaani kuwakusanya watu vijijini, serikali iliitekeleza kwa nguvu ya silaha. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa.

Tutazame mfano mwingine. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwataka Wazungu waondoke. Katikati ya miaka ya 1940 alihesabiwa mwendawazimu, akafungiwa Mathari. Akatolewa, na mwaka 1948 akahamishiwa Lamu kama mchochezi. Mtu ni yule yule, maneno yake ni yale yale. Kilichobadilika ni jina alilopewa. Baada ya uhuru wa 1963, serikali ya Waafrika nayo ilimfunga.

Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili huko Blida, Aljeria, hadi 1956, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha 1961: alionyesha jinsi vita vya kikoloni vyenyewe vilivyozaa wagonjwa.

Je, tuseme basi kwamba wazimu haupo? La, hasha. Aliyemlea mgonjwa nyumbani hawezi kusema hivyo. Waswahili walimjua mwendawazimu kabla ya hospitali za Wazungu, na neno lenyewe, ambalo ni ndugu wa mzimu, lina maelezo yake juu ya chanzo cha ugonjwa. Lakini tusijidanganye: wazee nao walikuwa na mamlaka, na mkaidi aliweza kuitwa mwendawazimu ili asisikilizwe.

Jambo hili linatuhusu sisi wanaisimu. Tunapoandika katika kamusi kwamba mwendawazimu ni mtu asiye na akili timamu, tunaacha swali moja bila jibu: timamu kwa kipimo cha nani? Kwa maoni yetu, kamusi ingepaswa walau kutenga matumizi mawili: neno linalotaja maradhi ya mtu, na neno linalotumiwa kumnyamazisha. Kuyachanganya ni kumdhulumu mgonjwa anayehitaji tiba, na kumdhulumu mzima anayehitaji kusikilizwa.