Usinionyeshe Upinde, Nionyeshe Mshale!

Mwenzangu, acha unachofanya unisikilize! Ndiyo kwanza natoka uwanja wa shabaha hapa Ohio, mikono bado inanitetemeka kwa raha, na wala sikuletei habari za krosibo yenyewe. Ile kila mtu anaiona: upinde uliolazwa juu ya kitako cha bunduki, una triga, una darubini, unatisha, unapendeza, haya. Mimi nimepagawa na mishale. Mishale! Tena hasa kile kipande kiduchu cha plastiki kilichochomekwa nyuma, kile kinachokutana na upote, wenyewe wanakiita noki. Kiduchu kweli kweli, lakini ndicho kinachoendesha shughuli nzima!

Hebu ushike mmoja kwanza. Mweusi, mlaini, wa baridi, mwepesi mno, halafu mfupi kuliko ulivyodhani, maana mishale mingi ya krosibo ni ya inchi 20 hivi. Hiyo ni kaboni. Unaushika huku na huku, unaupinda taratibu, unautegea sikio. Kimya? Mzima huo, roho yako itulie. Ukisikia hata ka-mlio kamoja, kri, uvunje uutupe, usiuonee huruma hata kidogo, kwa sababu kaboni yenye ufa inaweza kupasuka pale pale inapofyatuliwa, na mkono wako uko karibu. Halafu uuzungushe kiganjani uone kama unayumba. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi huunyoosha mshale wa mti kwa kuung'ata, meno na jicho tu, na mimi hapa nahangaika na vitu vilivyotoka kiwandani vimenyooka tayari! Ila raha ni ile ile, jamani, ukipata uliolingana unaujua kwa vidole.

Sasa noki. Weee! Kuna bapa kabisa, upote unaisukuma tu kwa nyuma. Kuna ya nusu mwezi, yenye kibonde ambamo upote unajilaza vizuuuri, lakini lazima kibonde kilingane na upote, na katika manyoya ya nyuma ya mshale, lile moja lenye rangi ya peke yake litazame chini, liingie kwenye mfereji wa reli, pale juu ya krosibo mshale unapolala. Na kuna ya kubana, hiyo ndiyo iliyonimaliza: unausukuma mshale nyuma pole pole, unausukuma, unausukuma… tak! Umeuma upote. Unauhisi mlio huo mpaka kwenye kiwiko, mtamu ajabu, ningeweza kukaa siku nzima nachomeka na kuchomoa tu.

Ila usije ukachagua kwa urembo! Hapa nakuwa mkali kidogo, nivumilie. Kila krosibo ina noki yake, imeandikwa kwenye kitabu chake, na hiyo ndiyo unayonunua, basi. Ukiweka isiyo yake, upote unaweza kuuruka mshale kwa juu au kupita chini yake, na nguvu yote ile, badala ya kwenda na mshale, inarudi kwenye upinde wenyewe. Mikono ya upinde hupasuka vipande. Hakuna bei rahisi ya noki inayolipa hilo.

Na bado! Zipo noki zenye taa. Taa, mwenzangu! Upote ukiisukuma tu, inawaka yenyewe, na mshale unaondoka mbele ya macho yako mwekundu, mkali, kimulimuli aliyechelewa harusi! Kabla ya hapo nilikuwa nasikia tu "pu!" kule mbele, bila kuona lolote. Sasa nauona unavyokwenda, unapoinama, unapotua. Nilipiga kelele, watu wakageuka, shauri yao.

Na bado! Nenda ukauchomoe. Umezama kwenye sponji ya shabaha, wa moto kwa msuguano, umeganda, unauvuta kwa mikono miwili huku umekanyaga chini sawasawa. Kila mshale upige doa lake, maana hii mitambo haina mchezo: ukirudia pale pale, wa pili unaibomoa noki ya wa kwanza, na pesa yako imekwenda.

Uzito? Chukua mzito kiasi, usishuke chini ya kile mtengenezaji alichoandika. Myepesi inakimbia, ndiyo, lakini upinde unapiga kelele, unatikisika, unaumia. Mzito unaondoka kwa utulivu mtamu, mkubwa, wa heshima, bega lako litakushukuru.

Mimi nimeamua: kaboni nzito, noki ya kubana kwa upinde uliotengenezewa hiyo, na yenye taa kila itakapopatikana ya umbo lile lile. Wewe nenda Jumamosi hii, tafadhali nenda! Vaa miwani ya kukinga macho, weka vidole chini ya reli, mbali na njia ya upote, na kabla hujagusa triga muulize msimamizi: noki ya upinde huu ni ipi?