Pale Mtoto Alipoishia

Mtoto asiyejua kusoma ana akili nyingi, na sehemu kubwa ya akili hiyo huitumia kujificha. Yuko darasa la tatu, wamo themanini. Mwalimu anasoma sentensi, darasa zima linaitikia, na midomo yake inacheza pamoja na ya wenzake, ikichelewa kidogo tu. Ikikaribia zamu ya kusoma mmoja mmoja anaomba ruhusa ya kwenda chooni, au anajitolea kufuta ubao, kuchota maji, kukusanya madaftari. Daftari lake ni safi kuliko la wengi, kwa sababu kila kilichoandikwa ubaoni amekichora herufi kwa herufi bila kujua kinasema nini. Kitabu cha darasa la kwanza amekikariri chote. Mpe akifungue, atakusomea ukurasa mzima, kidole kikiwa mstari wa pili na sauti ikiwa mstari wa nne.

Wapo walimu wanaokiona kidole hicho. Ninawasifu hao, kwa sababu kazi yao ni ufundi kamili wenye hatua zake na siri zake, na sisi wengine tumezoea kuuita huruma. Huruma anayo kila mtu. Mama wa mtoto huyu anayo, tena analia nayo usiku, lakini hajui aanzie wapi.

Tanzania, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK. Darasa la tatu masomo yanaongezeka na kila somo linamchukulia mtoto kuwa msomaji tayari. Sayansi inasomwa, na hesabu nazo zinakuja na maelezo ya kusoma. Kwa hiyo aliyefika hapo bila kusoma hapotezi somo moja, anapoteza yote kwa siku moja. Miezi michache baadaye ameshaitwa kilaza na wenzake, nyumbani wanasema ana kichwa kigumu, na mdogo wake amempita. Mwenyewe naye anakubali. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana sasa mwalimu ana mambo mawili ya kurekebisha: kusoma kwenyewe, na kile mtoto anachokiamini juu ya nafsi yake. La pili halirekebishwi kwa maneno.

Fundi huanza kwa kusikiliza kosa. Mtoto anayesoma "dada" palipoandikwa "baba" hana tatizo moja na yule anayesoma "kalamu" palipoandikwa "kalenda". Wa kwanza anachanganya herufi b na d, jambo la kawaida kabisa kwa wanaoanza. Wa pili ameona mwanzo wa neno akabahatisha mwisho wake. Yuko wa tatu anayetaja kila herufi kwa jina lake bila kosa, lakini hawezi kuziunganisha zikawa sauti. Wa nne anasoma "mutu" kwa "mtu", kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba m hapo inasimama peke yake. Mwalimu wa haraka anawaandikia wote wanne alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu ninayemsema mimi anasikia magonjwa manne na kila ugonjwa anaupa dawa yake.

Lugha yetu inamsaidia sana. Irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika. Ba, be, bi, bo, bu: mtoto akilishika jedwali hilo anaweza kusoma maneno ambayo hajawahi kuyaona. Ugumu unajikusanya mahali panapojulikana, kwenye konsonanti zinazoandamana: mb, nd, ny, mw, mbw, ngw, na ng isiyo na kibainishi ikipambanishwa na ile iliyo nacho. Wengi waliokwama wamekwamia hapo. Pengine juma darasa lilipofundishwa nd na mb yeye alikuwa kitandani na malaria, au alikuwa shambani anafukuza ndege kwenye mpunga. Aliporudi wenzake walikuwa wanasoma hadithi. Ni kama msusi wa ukili aliyeruka uzi mmoja wa ukindu: akiendelea kusuka, mkeka unazidi kupinda, na dawa ni kufumua mpaka pale uzi uliporukwa. Wala hafumui ukili wote.

Kumrudisha mtoto nyuma ni rahisi. Kumrudisha asijione amerudishwa ndiko kunakohitaji mkono wa fundi. Mvulana wa miaka kumi na moja ukimpa kitabu chenye picha ya bata na maneno mawili chini yake, umemtangaza mbele ya darasa. Nimemwona mwalimu akimwandikia mvulana wa namna hiyo neno moja tu kwenye kipande cha boksi: bodaboda. Lina silabi mbili tu, zinajirudia, tena lina zile b na d zilizokuwa zikimchanganya, zimekaa jirani katika neno analolisikia kila siku barabarani. Kesho yake yakafuata Simba na Yanga. Mtoto hakujua kwamba anafundishwa mb na ng. Alijua anasoma habari za mpira.

Sylvia Ashton-Warner, mwalimu wa New Zealand aliyefundisha watoto wa Kimaori, alikuwa na njia inayofanana na hiyo, na aliieleza katika kitabu chake Teacher cha mwaka 1963. Kila mtoto alimwambia neno analolitaka yeye, mwalimu akaliandika kwenye kadi, na kadi ikawa mali ya mtoto. Maneno waliyoyaomba yalikuwa mazito: mzimu, busu, vitu wanavyoviogopa na wanavyovipenda. Siku ya pili, neno ambalo mtoto hakulitambua liliondolewa. Mwalimu hakulihesabu kuwa kosa la mtoto. Lilikuwa halijamgusa, basi. Ninaupenda uamuzi huo, maana unaitoa aibu kwa mtoto na kuipeleka kwenye neno.

Wengine hukwama kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka kumi na minne aliyemtaja kama Percy F. Alikuwa mwerevu na mwepesi wa michezo, lakini maneno yaliyoandikwa yalimshinda kabisa. Mwalimu wake aliona kwamba angewashinda wenzake wote laiti mafundisho yangekuwa ya mdomo mtupu. Leo hali hiyo inaitwa disleksia. Kina Percy wako katika madarasa yetu pia, na mara nyingi utawatambua jioni, kwenye vitendawili. Ukisema "kitendawili", yeye ndiye wa kwanza kujibu "tega" na wa kwanza kutegua. Fundi hushika hapo hapo. Anamwambia atunge kitendawili chake, anakiandika vilevile alivyokisema, kisha anampa akisome. Mtoto anayajua maneno yote, kwa kuwa ni yake. Safari hii anayatazama. Lakini kabla ya kumfikiria Percy, mwalimu mwangalifu huanza na mambo madogo: anamhamishia dawati la mbele, labda ubao hauoni, anamwita kwa sauti ya chini akiwa amempa mgongo, labda hasikii, anauliza kama amekula.

Haya yote si ndoto za mwalimu mmoja mwenye moyo. Mumbai na Vadodara, India, shirika la Pratham liliwachukua wasichana wa mitaa hiyohiyo waliomaliza sekondari, likawapa mafunzo mafupi, nao wakawafundisha watoto waliobaki nyuma wa darasa la tatu na la nne kwa saa mbili kila siku, wakianzia pale kila mmoja alipoishia. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walilichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2007: watoto walipanda, na waliopanda zaidi walikuwa wale wa chini kabisa. Kwetu, watu wa mpango wa Uwezo, unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipoanza tathmini zao walifika majumbani na karatasi za kiwango cha darasa la pili, wakaona watoto wa madarasa ya juu wakikwama kwenye hadithi fupi. Aibu ile ilitushtua, lakini karatasi zile zilikuwa na fadhila pia. Zilikuwa na ngazi: silabi, neno, aya, hadithi. Mzazi asiye mwalimu aliweza kuona mwanawe amesimama ngazi ipi.

Chombo kingine cha ufundi huu ni kunyamaza. Mtoto amesimama, amekwama kwenye neno, na vidole arobaini viko hewani: "Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!" Mwalimu anaishusha mikono ile kwa ishara na kungoja. Sekunde chache hizo ni ndefu sana kwa anayesubiri, na wengi wetu tungelisema neno wenyewe ili tumwokoe. Fundi anajua kwamba ukimsaidia pale, umemwambia kuwa hata wewe huamini atafika. Akifika, hampambi kwa sifa za jumla. Anamwambia: jana "mbwa" ilikushinda, leo umeisoma peke yako. Mtoto aliyezoea kushindwa anazijua sifa za uongo, na anayeambiwa ni bingwa huku akijua si kweli anaacha kumwamini mwalimu. Kuhusu fimbo, sina maneno mengi: inamfundisha kujificha vizuri zaidi.

Kisha inafika siku neno linatoka bila kuombwa. Mtoto anasoma ubavu wa daladala, pindo la kanga ya mama yake, karatasi ya sabuni. Anauliza. Anabishana na alichokisoma. Wakati huo hitaji lake si mwalimu tena, ni vitabu, vyembamba, vya Kiswahili, vyenye hadithi inayomtaka afungue ukurasa unaofuata. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia vitabu vya namna hiyo kuandikwa na kufika shuleni. Vikifika, shule nyingi huvifungia kabatini visije vikachanika, na ufunguo hukaa kwa mwalimu mkuu. Ningependa kabati hizo zifunguliwe kila Ijumaa mchana, kila mtoto aondoke na kimoja, na shule ipange tangu mwanzo wa mwaka kwamba vingine vitarudi bila jalada na vingine havitarudi.