Jaribio la mti linasema "wamefaulu". Wamefaulu nini?

Wandugu, nimesoma ripoti ya jaribio la mti kwa tovuti ya chuo kimoja hapa kwetu, na minaona mambo hayako sawa.

Njia yenyewe ni nzuri. Donna Spencer aliieleza mwaka 2003, kwa kadi za karatasi: unaondoa rangi, picha na mahali pa kutafutia, unabakiza majina ya menyu peke yake. Kisha unamuomba mtu atafute kitu, unaangalia kama amefika, na kama alizungukazunguka kwanza. Hata umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Lakini angalieni swali lao: "Tafuta relevé de cotes yako." Na kwenye menyu, chini ya "Apparitorat", kumeandikwa "Relevés de cotes". Sasa hapo mtu anatafuta nini? Analinganisha neno na neno tu! Mwanafunzi wetu anasema "nataka kuona pointi zangu". Wangemuuliza hivi: mwenye kazi anataka karatasi inayoonyesha ulipata ngapi kwa kila somo, utaingia wapi?

Tena waliowapima ni wa mwaka wa mwisho, wenye kupanga foleni kwa apparitorat tangu zamani. Yule aliyefika juzi kutoka Uvira, hilo neno apparitorat atalijulia wapi? Huyo ndiye anayelipa kijana wa sekretaria ya mtaani amtafutie ukurasa, na siku za kujiandikisha zinaisha. Kwa ripoti hayumo hata mmoja.